Mchoraji Anayeufuata Mshono

Picha za Michael Armitage huhitaji kutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa mbali, ambapo unaona watu, miti, maji, nyani, umati wa mkutano wa siasa, na rangi za zambarau, waridi na kijani zilizokaa pamoja bila kugombana. Mara ya pili ni kwa karibu, na hapo yanajitokeza mengine. Kuna tundu dogo ambalo hakuna aliyeliziba. Kuna mshono mnene unaokatiza bega la mtu na kuendelea hadi angani. Kuna mahali nguo imejikunja na kunyanyuka, rangi ikatuama kwenye mkunjo na kupauka juu yake. Ukizidi kutazama unatambua kwamba mchoraji hakuvivumilia tu vitu hivyo. Amechora akivifuata.

Ufundi huo ndio ninaotaka tuutazame bila haraka, maana jina la Armitage likitajwa wengi hukimbilia fedha. Ni kweli kwamba Novemba 2019 picha yake “The Conservationists”, aliyoichora mwaka 2015, ilipigwa mnada New York ikapita dola milioni 1.5, wakati waliokadiria bei yake hawakufika hata dola laki moja. Lakini bei huonyesha kiu ya wanunuzi. Haisemi lolote kuhusu kile mkono ulichofanya.

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake Mkikuyu, baba yake Mwingereza wa Yorkshire. Alikwenda London kusomea uchoraji katika shule ya Slade, akamaliza mwaka 2007, kisha akaingia shule ya Royal Academy hadi mwaka 2010. Kwa miaka mingi baada ya hapo alifanya kazi huku na huku, Nairobi akikusanya anayoyaona na London akiyachora. Elimu aliyoipata ilikuwa elimu ya Ulaya: Titian, Velázquez, Goya, Manet, Gauguin. Aliipenda, na mpaka leo hafichi kwamba anaipenda. Ila kulikuwa na swali lililohitaji jibu kabla ya brashi kugusa rangi: picha ya Nairobi ichorwe juu ya nini? Kanvasi ya kitani au ya pamba si kitambaa kitupu. Imebeba karne kadhaa za Venisi, Madrid na Paris, na kila anayeivuta kwenye fremu anaingia katika mazungumzo yaliyoanza kabla yake.

Jibu alilikuta sokoni Nairobi, miongoni mwa vitu vinavyopangwa kwa ajili ya watalii. Ilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti kutoka Uganda, imekatwakatwa vipande vidogo vya kuwekea vikombe na sahani. Nguo iliyovikwa wafalme ilikuwa imefikishwa huko.

Ili kuielewa kazi ya Armitage, ni lazima kwanza tuielewe kazi ya mafundi wa Buganda. Lubugo hutokana na mutuba, mti wa jamii ya mikuyu. Msimu wa mvua, gome likiwa na maji ya kutosha, fundi hukwangua kwanza ganda la nje lililokauka. Kisha hukata duara juu na duara chini ya shina, hupasua mstari mmoja wima, na kulibandua gome taratibu kwa kipande cha mgomba kilichochongwa ili lisichanike. Shina linalobaki wazi hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya huota. Mti mmoja huvunwa hivyo tena na tena kwa miaka mingi, nao hauangushwi.

Gome likishalainishwa kwa moto na mvuke, huanza kupigwa, na kupiga ndiko kazi yenyewe. Mafundi hukaa katika banda lenye paa lakini lililo wazi kando, maana gome likipata jua mapema hukauka kabla ya wakati wake. Hulilaza juu ya gogo na kulipiga kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifuo: kwanza nyundo ya mifuo mipana, kisha ya wastani, mwisho ile ya mifuo myembamba kabisa. Kila pigo hulitanua gome kidogo tu. Baada ya saa nyingi, kile kilichotoka mtini kikiwa kigumu na chembamba kinakuwa nguo pana, laini, inayokunjika. Hutandazwa juani, kingo zake zikikandamizwa kwa mawe, na jua huigeuza rangi kuwa nyekundu ya udongo wa tofali. Pale palipokuwa na tawi hubaki tundu. Palipochanika hushonwa kiraka. Fundi mzuri hushona kiraka chake kwa unadhifu, lakini hajaribu kukificha.

Katika Buganda kazi hii ina wenyewe, ukoo wa Ngonge, chini ya fundi mkuu wa kurithi anayeitwa Kaboggoza. Lubugo ilivaliwa na wake kwa waume. Kabaka, yaani mfalme, hutawazwa nayo na wafu huvikwa nayo. Kwenye makaburi ya Kasubi, pazia la lubugo ndilo linalotenga sehemu ya ndani waliko makabaka. Karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilipofika Buganda na vitambaa vya pamba, lubugo ilianza kurudi nyuma. Watu wakavaa pamba, na nguo ya gome ikabaki kwenye ibada, mazishi na sherehe za ufalme. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya kutengeneza lubugo kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa rasmi kwenye orodha yake. Kwa misafara ile, sisi watu wa pwani tumo katika historia ya nguo hii, kwa upande wa walioisukuma pembeni.

Sasa turudi kwa mchoraji. Picha zake ni kubwa, nyingine zina upana wa mita tatu na zaidi, hivyo vipande vya lubugo hushonwa pamoja kwanza, ndipo vivutwe kwenye fremu. Pamba ukiivuta hunyooka ikatulia. Lubugo haikubali kunyooka. Sehemu moja ni nene na nyingine nyembamba, moja inavutika na nyingine inakaza, na pale mafundi waliposhona kiraka pana ukingo unaohisiwa hata kwa kidole. Mchoraji anayetaka kuwa bwana wa kila kitu angeitupa siku ya kwanza.

Armitage huchora kwa rangi za mafuta, tabaka jembamba juu ya jingine. Huweka rangi, huifuta, huikwangua mpaka nguo ionekane tena, kisha huanza upya. Katika kukwangua huko mifuo iliyoachwa na nyundo za Buganda hujitokeza, maana rangi hubaki bondeni na kutoka kilimani. Ndiyo sababu rangi zake huonekana kama zinapumua: chini ya kila kijani au zambarau upo wekundu wa gome, na haufunikwi wote. Mwanga kwenye picha hizi haukuongezwa juu kwa rangi nyeupe. Unatoka chini.

Tundu nalo ni mtihani. Huwezi kuchora juu yake kwa sababu hakuna cha kuchora juu yake. Likiangukia kwenye mwili wa mtu, mchoraji ana njia mbili: asogeze mtu, au akubali kwamba mtu huyo ana pengo. Mshono ukipita mahali alipokusudia kuweka anga tulivu, anga haitakuwa tulivu tena, na pengine hapo ndipo pa kupitisha ukingo wa mto au mkono ulionyooshwa. Maamuzi ya namna hii hayafanywi mara moja kwenye karatasi ya kupangia. Hufanywa siku hadi siku, mchoraji akiwa amesimama mbele ya nguo na kuikubalia iseme neno lake. Ninaheshimu sana uamuzi wa kuchagua kifaa kinachokupinga. Mafundi wengi, wakishapata jina, hutafuta kifaa kinachowatii.

Subira hiyo ingekuwa pambo tu kama asingekuwa na la kusema. Armitage analo. Mwaka 2017, Kenya ikiwa katika msimu wa uchaguzi mkali, ule ambao matokeo yake ya Agosti yalifutwa na Mahakama ya Juu na kura ikarudiwa Oktoba, alifuatana na wanahabari wa televisheni hadi kwenye mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Huko aliona yale ambayo kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa siasa Afrika Mashariki anayajua: vijana waliopanda miti ili waone jukwaa, wamekaa matawini safu juu ya safu, miguu ikining'inia. Kutokana na siku hizo akachora mfululizo wa picha, baadhi zikaonyeshwa mwaka 2019 kwenye maonyesho makubwa ya Venisi.

Mojawapo ni “The Fourth Estate” ya mwaka 2017. Mti umesimama katikati ya picha, umejaa watu. Aliyezoea sanaa ya Hispania atamkumbuka Goya, aliyechora kwa sindano na tindikali kundi la watu waliojibanza juu ya tawi kavu linaloning'inia hewani, kana kwamba hawajui kuwa chini yao hakuna kitu. Armitage anaijua kazi hiyo na ameitumia wazi. Lakini ukiitazama picha yake huoni Hispania. Unawaona watu wa kwetu, walioacha shughuli zao wakapanda juu kutafuta neno la matumaini, na unajiuliza tawi litawabeba hadi lini. Amechukua umbo la Goya akalipa mzigo wa Nairobi, juu ya nguo ya Buganda. Vitu vitatu vinavyotoka mbali vimekutana, na hakuna kilichoonewa.

Picha nyingine, “#mydressmychoice” ya mwaka 2015, ilitokana na tukio la Novemba 2014, pale mwanamke alipovuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume Nairobi, na wanawake wakaandamana mjini kudai heshima yao. Mchoraji dhaifu angechora vurugu. Armitage amemlaza mwanamke peke yake, katika mkao unaokumbusha Zuhura wa Velázquez aliyeko London, na pembezoni mwa picha akaweka miguu ya wanaume. Mkao ule ulichorwa Ulaya ili mwanamume atazame na kufurahi. Hapa mtazamaji anajikuta amesimama upande wa ile miguu, na hakuna pa kukimbilia. Kuazima kwa namna hii si kuiga. Ni kumuuliza mwalimu wako swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

Pwani pia ameifikia. Mwaka 2016 alichora wacheza ngoma ya baikoko kwenye mlango wa mto Mwachema, kule karibu na Diani. Na mwaka 2022 akachora “Curfew (Likoni March 27 2020)”. Wana Mombasa hawahitaji kuelezwa tarehe hiyo. Ilikuwa siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, na abiria waliokuwa wakisubiri feri ya Likoni ili wawahi nyumbani walipigwa virungu na kufukuzwa kwa mabomu ya machozi kabla hata saa ya amri haijafika. Picha za simu za siku ile zilienea na kusahaulika ndani ya wiki chache. Armitage aliichukua siku hiyo akaikalisha juu ya lubugo. Nguo ambayo Buganda huwavika wafu wake ndiyo iliyobeba kilio cha Likoni, na ukishalijua hilo huwezi kuitazama picha hiyo kama habari ya jana.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika maisha ya msanii huyu ni namna anavyowataja walimu wake. Wachoraji waliofanikiwa Ulaya hushawishika kusimulia kana kwamba waliota peke yao jangwani. Mwaka 2020 jumba la Haus der Kunst la Munich lilipompa maonyesho makubwa, yaliyohamia Royal Academy ya London mwaka 2021, alihakikisha wapo na wazee wa Afrika Mashariki. Munich sehemu yao ilipewa jina la Kiswahili, “Mwili, Akili na Roho”, na ndani yake walikuwemo wachoraji kumi.

Alikuwemo Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923, aliyesoma Makerere kisha Slade, shule ileile aliyokuja kusoma Armitage nusu karne baadaye. Ntiro alichora vijiji vya Uchagga, watu wakilima, wakijenga, wakibeba pombe ya ndizi kumpelekea bibi harusi usiku. Picha hiyo ya pombe ya ndizi, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na makumbusho ya MoMA ya New York mwaka 1960, na mwaka uliofuata Ntiro akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Alikuwemo Elimo Njau wa Marangu, aliyechora kuta za kanisa la Murang'a miaka ya 1950 akimweka Kristo katika vilima vya Wakikuyu, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa Nairobi. Alikuwemo Theresa Musoke wa Uganda, aliyeishi Kenya miaka mingi, ambaye wanyama wake hutokeza na kuzama ndani ya rangi usijue walipoanzia. Alikuwemo Jak Katarikawe, aliyekuwa dereva Kampala kabla Ntiro hajamshika mkono. Ng'ombe wake wenye macho ya ndoto waliwafurahisha watu wa Nairobi hadi alipofariki mwaka 2018.

Na alikuwemo Sane Wadu, aliyeacha ualimu miaka ya 1980 akaanza kuchora juu ya chochote alichokipata, hata nguo zake mwenyewe. Ukimjua Wadu hushangai tena kwamba kijana wa Nairobi aliona kanvasi mahali ambapo wengine waliona kitambaa cha kuwekea vikombe. Rangi na ujasiri wa Armitage vina mizizi miwili, na huu wa nyumbani ndio ambao wakosoaji wa Ulaya walikuwa hawaujui mpaka alipowaonyesha.

Hakuishia kuwaonyesha ugenini. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi isiyo ya kibiashara, na maonyesho yake ya kwanza yalikuwa ya kazi za Sane Wadu za maisha yake yote, yaliyofunguliwa mwaka 2022. Tafakari jambo hilo. Mchoraji mwenye soko kubwa anafungua jumba mjini kwao, na ukuta wa kwanza anampa mzee wake. Taasisi hiyo hukusanya kazi na kumbukumbu za wasanii wa ukanda huu, ili mwanafunzi wa Nairobi asilazimike kupanda ndege kwenda kumwona Ntiro.

Mwenyewe anaendelea kuchora. Mwaka 2022 alionyesha kazi Basel, mwaka 2023 Bregenz nchini Austria, na mwaka 2025 New York, ambako maonyesho yake yaliyoitwa “Crucible” yaliwahusu watu wanaovuka jangwa na bahari kutafuta maisha. Mada ni nzito, na ameichora kwa njia ileile ya polepole: lubugo, tabaka, kukwangua, kurudia. Dunia inataka wasanii watoe kazi kila msimu. Nguo yake haimruhusu kwenda mbio, na nadhani ndiyo maana aliichagua na ndiyo maana hajaiacha.

Hukumu yangu ni hii: Armitage ni mchoraji mkubwa kwa sababu anakubali kufundishwa, na nguo, na Goya, na Wadu, na umati wa bustani ya Uhuru. Somo hilo halina maana likibaki makumbusho ya ng'ambo. Walimu wa sanaa wa Nairobi na vitongoji vyake, wapelekeni wanafunzi kwenye taasisi aliyoianzisha, wakae mbele ya picha moja kwa saa nzima kabla ya kuhamia nyingine. Wazazi mlio na kijana anayechora ukutani, mnunulieni rangi. Na wewe uliyerithi picha ya Ntiro, Njau au Katarikawe, usiiuze nje kabla hujauliza kama ipo taasisi ya hapa nyumbani inayoweza kuitunza.